Maumbile Hayaandiki Talaka



Siku hizi si ajabu kuketi barazani ukamsikia kijana akisema, kwa sauti ya mtu mwenye dalili mkononi, kwamba mwanamume ameumbwa kutamani wanawake wengi, na mwanamke ameumbwa kumtamani mwenye mali, na kwamba maneno hayo si yake yeye bali ni ya elimu. Ukimwuliza elimu gani, atakutajia wataalamu wa viumbe wa Marekani. Ukimwuliza kitabu gani, hapo ataitazama simu yake. Maneno yamemfikia vipande vipande, dakika moja moja, na kila kipande kimekwisha kukatwa kichwa na miguu.

Kitabu chenyewe kipo. Jina lake ni The Evolution of Desire, ambalo kwa lugha yetu twaweza kulisema Mageuko ya Matamanio. Mwandishi wake ni David Buss, Mmarekani, mwalimu wa elimu ya nafsi, ambayo wengine huiita saikolojia. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1994, kikatolewa tena na nyongeza mwaka 2003 na mwaka 2016. Nimekisoma chote. Nilikisoma pamoja na binti yangu, ambaye husomesha biolojia katika shule ya sekondari, kwani Kiingereza changu ni cha kujitafutia ukubwani na elimu ya viumbe si fani yangu. Tulikaa nacho baada ya Isha, usiku baada ya usiku, naye alinikatiza mara nyingi kuliko wanafunzi wangu wanavyothubutu.

Neno moja kabla sijaingia ndani. Suala la asili ya mwanadamu, ameanza vipi na ametoka wapi, lina mahali pake na lina watu wake, nami sitalifungua hapa. Kitabu hiki nakipima kwa mizani aliyokuja nayo mwandishi mwenyewe, yaani hoja zake na hesabu zake. Mtu akija sokoni na pishi yake, mpimie kwanza kwa pishi hiyo hiyo uone kama imejaa.

Msingi wa kitabu ni huu. Charles Darwin alipotoa kitabu chake cha asili ya viumbe mwaka 1859 alibaki na jambo lililomkera sana, nalo ni mkia wa tausi. Mkia mzito namna ile, wenye rangi za kumwita kila adui, wamsaidia nini ndege kuishi? Jawabu alilitoa kwa urefu mwaka 1871: haumsaidii kuishi, humsaidia kupendwa. Jike huchagua, na dume aliyechaguliwa ndiye apatae watoto wa kurithi umbo lake. Mwaka 1972 mtaalamu mwingine, Robert Trivers, akauliza kwa nini aghalabu jike ndiye huchagua na dume ndiye hujipamba. Akajibu kwamba mwenye kugharimika zaidi kwa ajili ya mtoto ndiye mwenye kuchagua kwa uangalifu zaidi. Mwanamke hubeba mimba miezi tisa, kisha hunyonyesha. Akikosea kuchagua, hasara yake ni kubwa. Mwanamume aweza kuinuka akaenda zake.

Hapo vijana wetu husimama wakafunga kitabu. Lakini tazama vizuri alilosema Trivers. Hakusema mwanamume wala mwanamke; alisema mwenye kugharimika. Binti yangu alinipa mfano wa ndege wa mabwawani, apatikanaye hapa hapa Afrika Mashariki, mwenye vidole virefu, atembeaye juu ya majani ya mayungiyungi kana kwamba yu juu ya nchi kavu. Kwa ndege huyo dume ndiye alaliaye mayai na kulea makinda, na jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, ndiye agombaniaye madume na kuwa nao zaidi ya mmoja. Nadharia haikuvunjika kwa ndege huyo, imetimia. Basi mwanamume alipaye mahari, alishaye, avishaye, akeshaye na mtoto mwenye homa, huyo kwa nadharia hiyo hiyo amekwisha kuingia katika safu ya wenye kugharimika, na yatarajiwa naye awe mchaguzi na mtulivu. Buss mwenyewe alisema hivyo waziwazi, kwamba mwanamume atafutapo mke wa kukaa naye huchagua kwa makini kama achaguavyo mwanamke. Kipande hicho sijakiona katika simu ya mtu.

Lakini kilichokipa kitabu sifa si nadharia, ni hesabu. Buss na wenzake waliwauliza watu 10,047 wa jamii 37 katika nchi 33, na matokeo yakatangazwa mwaka 1989. Karatasi za maswali zilifika Nigeria, Zambia, kwa Wazulu wa Afrika Kusini, Iran, Indonesia, India, Brazil, hata Uswidi na Norway. Pwani yetu hazikufika. Ilionekana kwamba wanaume, kwa wastani, waliupa uzuri na ujana uzito zaidi kuliko wanawake walivyoupa, na wanawake waliupa uwezo wa kuchuma uzito zaidi kuliko wanaume. Wanaume walitaka mke aliye mdogo kwao kwa miaka 2.66; wanawake walitaka mume aliyewazidi kwa miaka 3.42. Zambia na Nigeria tofauti waliyoitaka wanaume ilizidi miaka 6. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudiwa, Buss akiwa miongoni mwa walioifanya, kwa watu 14,399 wa nchi 45, na zile tofauti kubwa za uzuri na uwezo zikaonekana tena.

Kwa hiyo wenzangu wasemao kwamba haya yote ni uzushi wa Wazungu na yatupwe, siwaungi mkono. Aliyepata kuwa mshenga katika mji wowote wa pwani hahitaji karatasi ya maswali kujua kwamba upande wa mwanamume huuliza sura na umri, na upande wa mwanamke huuliza kazi na nyumba. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na katika habari za njiwa akaonyesha jinsi mambo ya dume na jike lake yanavyofanana na ya wanaume na wanawake. Kutazama viumbe ili kuyajua matamanio yetu si bidhaa mpya iliyoshushwa bandarini jana.

Tatizo liko kwingine. Katika madrasa zetu, mwanafunzi afikapo kwenye somo la balagha hufundishwa kwamba maneno ni namna mbili: khabari na inshai. Khabari ni yale ambayo msemaji wake aweza kuambiwa umesema kweli au umesema uongo. Ukisema mvua imenyesha, mtu aweza kutoka nje akatazama. Inshai ni amri, katazo, swali, ombi na mfano wa hayo. Ukimwambia mwanao afunge dirisha, hawezi kukujibu kwamba umesema uongo. Kitabu cha Buss, tangu jalada hadi jalada, ni khabari. Chasema watu wamekuwa wakitamani nini, na chakisia kwa nini. Hakina hata sentensi moja imwamuruyo mtu kufanya jambo, na katika mlango wa kwanza kabisa mwandishi aonya kwamba kueleza lililopo si kulihalalisha. Vijana wetu wameichukua khabari wakaisoma kama amri. Kosa hili mwanafunzi wa mwaka wa pili hupigiwa mstari mwekundu.

Nalo si kosa la daftarini tu. Mwaka uliopita niliitwa katika kikao cha suluhu. Mume ana miaka arubaini na kitu, mke wamekaa miaka kumi na tisa, watoto wanne. Hakutaka kuongeza mke. Jambo hilo lina masharti yake na tungelizungumza kwa masharti yake. Alitaka kumtoa aliyepo, ambaye hakumlaumu kwa lolote ila kwamba umri umekwenda, na alitaka aondoke bila ya kuulizwa habari za matumizi ya watoto. Alipobanwa akasema: "Sheikh, haya ni maumbile, wataalamu wamekwisha kuyathibitisha. Tamaa ya mwanamume hufuata ujana." Mavyaa wake, mama wa mke, alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Akauliza kwa upole kama maumbile hayo ndiyo yatakayolipa ada ya skuli mwezi wa Januari. Kikao kizima kikanyamaza. Mimi niliyekwisha kuandaa jawabu refu la kielimu nikaona si lazima tena.

Msomaji wetu anaijua hadithi mashuhuri ya mambo manne ambayo mwanamke huolewa kwa ajili yake: mali, nasaba, uzuri na dini. Imam an-Nawawi, katika kuisherehesha, aeleza kwamba maana yake sahihi ni kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ametoa khabari ya ada ya watu katika kuoa, kisha akaelekeza penye kuelekezwa. Khabari na amri zimekaa pamoja katika maneno machache, na kila moja inajua mahali pake. Mali ilitajwa na uzuri ulitajwa, karne kumi na nne kabla ya karatasi za Buss, wala hakuna aliyeona haya kuyataja. Lakini sijasikia mwanachuoni aliyeichukua nusu ya kwanza akamwambia mtu: nenda ukamwache mkeo, uzuri wake umepungua.

Sasa tuje kwenye ushahidi wa kitabu chenyewe, kwani hapa ndipo kijana wetu ashindwapo katika mahakama aliyoichagua mwenyewe. Watu wale wa nchi 33, walipotakiwa kuzipanga sifa za mwenzi wa ndoa, wanaume kwa wanawake waliweka juu kabisa wema, yaani kuwa na huruma na kuelewa, pamoja na akili. Na katika orodha nyingine, waliyotakiwa kuitilia kila sifa alama, iliyotangulia zote ilikuwa ni kupendana. Uzuri na uwezo wa kuchuma, mambo yapigiwayo kelele yote hii, yako chini ya hayo kwa jinsia zote mbili. Tofauti baina ya wanaume na wanawake ni tofauti ya daraja za chini. Daraja za juu wamekubaliana. Ni sawa na watu wawili waliokubaliana nyumba ijengwe wapi na kwa mawe gani, wakatofautiana rangi ya milango, kisha jirani akatangaza mjini kwamba wale hawapatani katu.

Na katika mlango wa kuvunjika kwa ndoa, Buss ategemea kazi ya Laura Betzig ya mwaka 1989, aliyepitia maandishi juu ya jamii 160 za dunia akitafuta sababu za ndoa kuvunjika. Iliyotajwa mara nyingi zaidi ni zinaa, kisha utasa. Ya tatu ni ukatili na kumtesa mwenzi, iliyotajwa katika jamii 54. Mwenye kutaka maumbile yamtolee ushahidi na asikie ushahidi wote: kwa mizani hiyo ya Wamarekani, mume mkali mwenye mkono mwepesi avunja nyumba yake kwa sababu iliyo miongoni mwa sababu kongwe duniani, na mke amkimbiaye afanya jambo la maumbile.

Kuna jambo jingine humo lililonishughulisha zaidi ya yote. Katika zile jamii 37, sifa iliyotofautiana mno baina ya nchi na nchi ilikuwa ni kumtaka mwenzi ambaye hajapata kukutana na mtu kabla ya ndoa. China, India, Indonesia na Iran waliipa uzito mkubwa. Uswidi na Norway waliiona karibu si kitu. Mwandishi alikiri kwamba hapa mazingira yamefanya kazi kubwa. Basi jambo lililo karibu kabisa na wivu na tamaa, lile ambalo mtu angedhani limechongwa ndani ya mfupa, ndilo lililogeuka zaidi kwa malezi. Mtoto hufundishwa nyumbani apende nini, na hujifunza.

Kitabu kina udhaifu, nao si mdogo. Wa kwanza, waulizwaji wengi walikuwa watu wa mijini na waliosoma. Mwandishi hakulificha hilo. Wa pili, swali liliwekwa juu ya karatasi, na binadamu juu ya karatasi si binadamu mbele ya uso wa mwenzake. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel walitangaza walichokiona kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani. Waliwauliza kwanza wanataka nini, kisha wakawakutanisha mmoja mmoja kwa dakika nne nne. Mikutano ya namna hiyo simpendekezei mtu, lakini matokeo yake ni khabari na yatazamwe. Juu ya karatasi wanaume walisema uzuri na wanawake wakasema mali, kama ilivyotarajiwa. Walipokutana uso kwa uso, tofauti ile baina ya wanaume na wanawake ikatoweka. Na alichokiandika mtu kwamba atakitaka hakikumwelekeza ni nani hasa atampenda.

Jambo hili Ibn Hazm wa Andalusia alilijua. Katika kitabu chake cha mapenzi, Tawq al-Hamama, alichokiandika karibu na mwaka 1022, asimulia kwamba ujanani alimpenda kijakazi mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na tangu hapo hakupata kuvutiwa na nywele nyeusi, ingawa ziwe nzuri vipi. Mtu mmoja, kijakazi mmoja, basi tamaa ya umri mzima ikapata sura. Wastani wa watu 10,047 hauwezi kukueleza kisa hicho, na karibu kila mtu anacho kisa cha namna hiyo, ijapokuwa hatakisimulia mbele ya mkewe.

Wa tatu ni kukisia. Buss aona tamaa ya leo, kisha arudi nyuma maelfu ya miaka hadi nyikani kwa wahenga wawindaji, atunge sababu kwa nini tamaa hiyo iliwafaa. Mara nyingine hoja hukaa sawa. Mara nyingine ni hadithi tu iliyovikwa joho la elimu. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa viumbe, Stephen Jay Gould na Richard Lewontin, waliwaonya wenzao juu ya tabia hiyo ya kudhani kwamba kila kilichomo katika kiumbe kimewekwa kwa kazi maalumu. Tazama nyumba zetu za mawe. Chini ya ngazi pana nafasi, na watu huweka humo mitungi na majamvi. Mgeni aweza kuapa kwamba fundi alijenga ngazi ili apate pa kuweka mitungi. Fundi alitaka kupanda juu tu, nafasi imejitokeza.

Hata tofali la kwanza la nadharia hii halikukaa imara kama ilivyodhaniwa. Trivers aliegemea majaribio ya nzi wa matunda yaliyofanywa na Mwingereza A. J. Bateman mwaka 1948, ambayo yalionyesha kwamba dume hufaidika kwa kuwa na majike wengi kuliko jike afaidikavyo kwa kuwa na madume wengi. Mwaka 2012 Patricia Gowaty na wenzake walilirudia jaribio lile lile wakaona njia ya kuhesabu ilikuwa na kasoro. Bateman aliwatambua watoto kwa kasoro za umbo walizorithi kwa wazazi, na watoto waliorithi kasoro mbili walikuwa wakifa kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo hesabu ilipinda tangu mwanzo. Binti yangu ananihimiza niseme kwamba nadharia inao ushahidi mwingine kwa viumbe wengine, na ndege wetu wa mayungiyungi ni mmoja wao. Nimesema. Lakini wale nzi walikaa vitabuni miaka 64.

Juu ya mali, wataalamu wawili wanawake, Alice Eagly na Wendy Wood, walizichukua hesabu za Buss mwenyewe mwaka 1999 wakazipanga upya, wakaona kwamba penye usawa zaidi baina ya wanaume na wanawake tofauti zile hupungua. Ile kazi ya mwaka 2020 haikuwaunga mkono katika yote. Iliyopungua sawasawa na usawa ilikuwa ni tofauti ya umri. Wabishane wao. Mimi nasema tu kwamba mwanamke asiye na shamba wala kazi wala sehemu yake ya mirathi, ambayo huenda kaka zake wamemzuilia, akimtaka mume mwenye uwezo, sababu yake naitafuta katika bei ya unga kabla ya kuifuata nyikani kwa wahenga.

Kando ya kitabu hiki iko khabari nyingine izungukayo simuni, ya "homoni ya mapenzi", oksitosini. Imetokana na panya wa nyika za Marekani, ambao dume na jike hukaa pamoja umri wao, tofauti na binamu zao wa milimani. Wataalamu waliona panya hao wa nyika wana vipokezi vya homoni hiyo kwa wingi katika sehemu fulani za ubongo, na watu wakaruka kusema kwamba uaminifu umepatikana, ni tone la dawa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba panya wa nyika walioondolewa kipokezi hicho tangu kuzaliwa walishikamana na wenzi wao vile vile. Anayeuza tone hilo mtandaoni na awarudishie watu fedha zao.

Lakini hayo yote ni madogo kwangu. Upungufu ulionikaa rohoni ni kwamba katika kitabu chote hiki cha ndoa sikuiona nyumba. Kuna mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanapimana kama watu wawili sokoni, kila mmoja na bidhaa yake. Mama hayumo, somo hayumo, wifi hayumo, wala mjomba. Bibi naye haonekani sana. Mwanamke akishapita umri wa kuzaa, kitabu chamgusa kwa uchache tu. Thamani yake katika soko lile imekwisha. Nikimwangalia mamangu, Mungu amrehemu, aliyelea wajukuu kumi na mmoja baada ya umri huo, siamini kwamba mwenye kuandika hivi ameangalia vizuri.

Na waliomjibu wametoka kwake, katika elimu hiyo hiyo ya mageuko, tena ushahidi wao umetoka hapa kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao wengi wao waliendelea kuishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakipima nani analeta chakula gani, na watoto wanaongezeka uzito kiasi gani. Kwa hesabu za nadharia ya sokoni, mwanamke angemtaka mwindaji hodari ili awalishe watoto wake nyama. Lakini wanyama wakubwa hawapatikani kila siku, siku nyingi mwindaji hurudi mikono mitupu, na akipata, nyama hugawanywa kambi nzima. Nani basi alishaye mtoto aliyeachishwa ziwa, mama yake akiwa amejifungua mwingine? Katika kazi waliyoitangaza mwaka 1997 walionyesha kwamba mtoto huyo hukua kwa kadiri ya kazi ya bibi. Wanawake wazee, ambao kwa kitabu cha Buss wamekwisha kutoka sokoni, walikuwa na vijiti vyao wakichimba mizizi saa nyingi za mchana, katika ardhi ngumu.

Kutokana na hayo walisema kwamba huenda sababu ya mwanamke kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa ni hiyo. Nayo pia ni kukisia, lakini ni kukisia kwenye uzito wa mizizi na uzito wa watoto. Na Sarah Hrdy, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kiitwacho Mothers and Others, aliendelea zaidi akasema kwamba mtoto wa binadamu ameumbika kulelewa na wengi. Sokwe mama, katika miezi ya mwanzo, hamwachi mwenzake amshike mtoto wake. Mama wa binadamu humpa dada, humpa shangazi, humpa jirani, na mtoto hujifunza kuzitazama nyuso na kuzisoma. Mwanamke asiyepata mikono hiyo huchoka, na mtoto wake huhatarika.

Ukikipokea kitabu cha Buss pamoja na hizi kazi mbili, mambo yanageuka. Yule bwana wa suluhu aliyesema tamaa hufuata ujana alidhani anamwacha mwanamke mmoja. Kwa hesabu za Ziwa Eyasi alikuwa anauvunja mtandao mzima wa mikono: mavyaa aliyewalea wanawe wanne wakati yeye yuko safarini, shemeji aliyewapeleka chuoni, jirani aliyewanyonyesha. Tamaa yake iko, sikumkanusha. Lakini kila alichokula tangu utotoni, na kila walichokula watoto wake, hakikuletwa na tamaa hiyo peke yake.

Mtu akiniuliza kama kitabu hiki kiingie nyumbani, jawabu langu ni kiingie, lakini kiingie kwa walio wazima na walioolewa; mna milango miwili mitatu ya mambo ya faraghani ambayo kijana wa skuli hana haja nayo. Mke na mume wakisoma pamoja mlango wa kukaa pamoja na ule wa ugomvi baina ya wanaume na wanawake watacheka mahali pengi, na huenda wakanyamaza mahali pawili. Wazazi wenye mabinti wa kuozwa wasome pale aelezapo namna wanaume wanavyoonyesha upole na ukarimu na ahadi wasizokusudia kuzitimiza, hadi wapate walitakalo. Hapo Buss ana manufaa kuliko sehemu yoyote, kwani aeleza hila moja moja kama mtu anayejua biashara.

Na kwa wale wazitumiao khabari zake kujitolea udhuru, iko khabari moja ambayo vile vipande vya simuni havijapata kuibeba. Mwandishi huyo huyo, miaka 27 baada ya kitabu hiki, alitoa kingine. Kilitoka Marekani mwaka 2021, nacho ni juu ya udanganyifu, usumbufu na dhulma ambazo wanaume huwafanyia wanawake, chanzo chake na namna ya kuzizuia. Jina alilokipa ni When Men Behave Badly, yaani Wanaume Wanapofanya Vibaya.